Kijani ni Kucheza

"...na kama kamba hii umeichumbia, tuonyeshe pete," Mama Povu alikuwa akisema, beseni kiunoni, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni. "Maana mimi naiona imefungwa kwenye nguzo ya mwenye nyumba, na kodi nalipa kama wewe."

Mama Katibu alisimama mlangoni kwake, tepu ya kupimia shingoni, akasema hataki kamba nzima. Anataka kipande tu, cha upana wa mlango, pale karibu na dirisha lake. Mama Povu akajibu kwamba hata ngamia aliomba kuingiza pua tu.

Mimi ni msusi. Nasukia pale pale barazani, katikati ya milango yao miwili, kwa hiyo ugomvi ulinipita juu ya kichwa kama mpira. Kichwa cha mteja kilikuwa magotini pangu, nusu kimesukwa, nusu kimetimka, na mwenye kichwa mwenyewe akaniambia kwa sauti ya chini nisiendelee kwanza, kitana kisije kikamkosesha neno.

Nyumba yetu ni ya vyumba pande mbili na ua katikati. Kamba ya kuanikia ni moja ndefu, kutoka nguzo ya baraza mpaka ukuta wa choo. Mama Povu hufua nguo za watu, ndiyo kazi yake, na watoto ndio waliompa jina hilo la povu. Kwake kamba ni kama kaunta kwa muuza duka. Sasa asubuhi hiyo alikuta mwenzake ametundika kitambaa kimoja cheupe, kidogo kama leso, na pembeni ameacha nafasi tupu ambayo hakuna mtu kuigusa. Ndipo moto ulipowaka.

"Kitambaa kimoja," alisema, "kimekaa kama bwana harusi. Kinangoja nani?"

Mama Katibu akashusha pumzi. Nilidhani atarudisha tusi, maana ulimi anao. Badala yake alikaa chini kwenye kizingiti, akasema, "Mama Povu, wakiwachukua wanangu utaanika mpaka uchoke. Niachie likizo hii moja."

Hata yule mteja wangu alifungua jicho la pili.

Habari yenyewe tulikuwa tunaijua vipande vipande, kila mtu na kipande chake. Mama Katibu ni fundi wa kushona, ana cherehani ya miguu, na watoto watatu. Wa kwanza ni binti, mtu mzima aliyenaswa ndani ya mwili wa mtoto, anajua nani amekula nini na nani hajanawa. Huyo ndiye Katibu. Wa pili ni wa kiume, hufungua kila kitu kilichofungwa, tukamwita Injinia. Wa mwisho hajatengana na sufuria tangu aanze kutambaa, naye ni Kijiko. Baba yao huendesha mitambo ya kutengeneza barabara, huko mbali, na barabara ina tabia ya kwenda mbele, hairudi nyumbani.

Likizo iliyotangulia, Injinia alipanda mnara wa tangi kuchunguza maji hupita wapi, akashuka bila ngazi. Mkono ukavunjika. Na mama yake alikuwa wapi? Kwenye cherehani, hatua chache kutoka pale, miguu ikikanyaga, hakusikia kitu. Baba akapiga simu. Shangazi yao akapiga simu. Huyo shangazi ni karani wa bima, ana nyumba yenye uzio, msichana wa kazi, na kitanda cha kila mtoto, lakini mtoto hana. Wakakubaliana, na waliokubaliana ni wao wawili, kwamba mama apewe likizo ndefu inayokuja. Shangazi atakuja mwishoni aone. Akikuta watoto wana mpango, wanasoma, wanacheza, wanalala, watabaki. Akikuta wamezagaa, wanakwenda kuishi kwake na shule wahamie huko.

Na ubaya wa mambo ni huu. Shule zikifungwa, ndipo kazi ya fundi wa sare inapofunguliwa. Mwaka mzima Mama Katibu hurekebisha zipu na kupunguza suruali za wanaume waliokonda. Likizo ndefu ndiyo mavuno yake. Kila mzazi anataka sare mpya, kila mzazi anataka kabla ya mwenzake. Yaani wakati ule ule ambao watoto wanamtaka mzima mzima, cherehani nayo inamtaka mzima mzima. Mtu mmoja hakatiki mara mbili.

Akauliza ushauri kila mlango. Mwalimu anayekaa chumba cha mwisho alimwambia siku ya mtoto inataka mizani: asome kidogo, afanye kazi ndogo za nyumbani, acheze nje apate jasho, apumzike. Kimoja kisimeze kingine. Mama Katibu aliyasikiliza hayo kwa sikio la ufundi. Alituambia siku ni kitambaa, ukiachia mkono upana kupita kiasi, kola inakosa. Lakini atawatangaziaje watoto saa zikibadilika? Kupiga kelele juu ya cherehani ni kazi bure. Kuinuka kila mara na kuwatafuta ni kupoteza sare. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa siku nyingi, na hata ingekuwa hai, Kijiko alijua saa mbili tu duniani, ya kula na ya kungoja kula.

Ndipo akaona mabaki yake ya vitambaa. Cheupe ni kusoma. Njano ni kazi za nyumbani. Bluu ni kulala au kukaa kimya. Nyekundu ni kula. Kijani ni kutoka, kwenda kucheza uwanja wa ng'ambo ya barabara, nyuma ya ghala. Kamba inapita mbele ya dirisha lake, anaweza kunyoosha mkono akabadili bila kuinuka kitini. Na watoto popote walipo uani wanaiona. Kwa kijani tu ndipo alipoinuka: hutangulia barabarani, akasimama pale yanapopita malori, akawangoja awavushe.

Mama Povu alisikiliza yote hayo akiwa na beseni bado kiunoni. Mwisho akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kushindwa lakini hataki kuonekana ameshindwa, je, yeye anaruhusiwa kuanika nini.

"Chochote," akasema Mama Katibu. "Isipokuwa kijani."

"Nani kakwambia mimi nafua kijani? Wateja wangu ni mashati meupe na roho nyeusi."

Tukacheka. Ugomvi ukaishia hapo, na mteja wangu akaniambia sasa naweza kuendelea kumvuta nywele.

Mwanzoni, jamani, ilipendeza. Kitambaa cheupe kikipanda, unawaona watatu wamekaa mkekani, Katibu akiwasomesha wenzake kwa ukali ambao hata Mwalimu aliuogopa. Njano ikipanda, mmoja anafagia, mmoja anachambua maharage, Kijiko anahesabu vijiko, kazi aliyojichagulia mwenyewe. Watoto wa vyumba vingine nao wakaanza kufuata. Mama mmoja alilalamika kwamba mwanawe hataki kula mpaka aone nyekundu. Mlinzi wa chumba cha tatu, anayekesha usiku na kulala mchana, alisema katika rangi zote bluu ndiyo pekee yenye adabu. Na Mama Povu, aliyeanza na pete na ngamia, ndiye sasa aliyeilinda ile nafasi ya kamba. Mtu akikosea akaanika soksi pale, anaitoa mwenyewe na kumtupia mlangoni.

Kisha sare zikaanza kuja.

Zilikuja kwa mifuko, kwa magunia, kwa wazazi wanaogonga dirisha na kusema "mmoja tu, fundi, huyu wangu hana mwili mkubwa." Chumba chake ni kimoja, pazia katikati. Upande wa kitanda ulijaa sketi zilizokatwa, upande wa cherehani ukajaa sketi zinazoshonwa, watoto wakawa wanapita kwa ubavu kama wezi. Alikuwa hawezi kukataa. Akikataa mwaka huu, mwakani wataenda kwa fundi mwingine, na fundi asiye na sare hana chakula cha miezi inayofuata.

Nikaanza kuona mambo. Cheupe kinapanda asubuhi, kinabaki mpaka jua linahamia ukuta wa pili. Katibu anamaliza kitabu, anakirudia. Njano inakaa mpaka ua unafagiwa mara ya tatu na vumbi lenyewe linaomba msamaha. Bluu ndiyo ikawa ndefu kuliko zote, maana watoto waliolala hawaulizi kitu. Nyekundu ikachelewa. Siku moja Kijiko alikuja kwangu akilia kwamba nyekundu imepotea. Tukaitafuta pamoja. Mama yake alikuwa ameishona kwa ndani kwenye kaptula ya mtoto wa watu, ikawa mfuko. Aliitazama ile kaptula, akatutazama sisi, akacheka, na kicheko chenyewe kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Akafumua.

Na kijani je? Kijani kilimtaka ainuke. Kwa hiyo kikawa cha nadra. Injinia alikuwa anakaa chini ya kamba akikitazama kile kitambaa kilichokunjwa dirishani, kama mfungwa anayetazama ufunguo.

Simsemi vibaya. Nilikuwa namwona usiku mwanga wake ukiwaka na asubuhi ukiwaka bado. Alijua kwamba kola imekosa. Aliniambia mwenyewe, siku niliyompelekea maji, kwamba anajiona kama mtu aliyejifunika shuka fupi: akifunika miguu, kichwa kiko nje. Nikamwambia likizo inakaribia kwisha, avumilie. Maneno ya barazani hayo. Yanasaidia anayeyasema.

Aliyesaidia ni Mama Povu. Alimwita Kijiko akampa beseni la povu acheze. Alimfundisha Katibu kukunja shuka kwa pembe nne. Mchana kukiwa kimya alipeleka sahani mlango wa pili bila kuitwa, akairudisha tupu bila kusema. Watu wawili waliotaka kung'oana nywele kwa kamba, sasa ukimsema mmoja, mwenzake anakujibu.

Basi ikaja siku yenyewe. Shangazi alisema atafika alasiri. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikuwa namalizia kichwa cha mwisho, Mama Povu akaja dirishani kwa Mama Katibu, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekosa. Zahanati ya jirani ilikuwa imempa kazi. Kazi ya kudumu, kila wiki, siyo ya kubahatisha. Amekwishapewa mzigo wa kwanza, na wanautaka umekauka kesho. Tatizo ni rangi. Shuka za zahanati ni za kijani.

Alisema kama ni neno baya, basi atazirudisha chafu, atawaambia ameugua.

Mama Katibu hakusita. Alisema, nikisikia kwa masikio yangu haya, "Anika, dada. Riziki hairudishwi. Nitawaambia watoto."

Na alikusudia kuwaambia. Lakini usiku ule alikuwa na sketi za marinda za kumalizia, ili mgeni akija akute cherehani imefunikwa na chumba kina sakafu. Watoto walikuwa wamelala. Akajiambia asubuhi. Asubuhi akawaosha, akawavalisha, akawapaka mafuta mpaka waking'aa, akaweka mkeka, akatundika cheupe. Mashati ya wateja yalikuwa bado hayana matundu ya vifungo, na fundi wa vifungo yuko pale kona. Akamwambia Katibu anarudi sasa hivi, wasome. Akabeba mzigo, akatoka. Neno la kijani lilibaki pale alipoliacha usiku, chini ya marinda.

Mimi nilikuwa nimeitwa kumsuka bibi harusi kwao. Mlinzi alikuwa amelala. Mama Povu akatoka na mabeseni yake, akaanika. Yeye ameruhusiwa, anajua watoto wameambiwa, hana wasiwasi. Zile shuka zilijaa kamba yote kutoka nguzo mpaka choo, upepo ukazijaza, na kile kitambaa cheupe kikafunikwa kama chawa ndani ya blanketi. Kisha akarudi nyuma ya choo kwenye bomba, kusuuza zilizobaki.

Katibu alinieleza baadaye, maana yule mtoto hasemi uongo hata kwa faida yake. Alisema walikuwa wameinamia vitabu, kuanika kwa Mama Povu wamekuzoea hawakutazami, wakainua macho wakakuta kijani. Siyo kijani kidogo, kijani kikubwa, kamba nzima. Alifikiri kidogo. Akaona leo shangazi anakuja, kwa hiyo mama amewapa mchezo mkubwa kuliko siku zote. Alichungulia chumbani, mama hayupo. Hilo nalo halikumtisha. Kijani kikipanda mama huwa ametangulia barabarani, anawangoja.

Akawapanga, akawashika mikono, wakatoka. Walifika barabarani, hawakumwona mama. Kijiko akaona watu ng'ambo, katikati yao mwanamke mwenye gauni la rangi ya mama. Akachomoa mkono.

Gari lililofunga breki mbele yake, tairi zikipiga kelele mpaka bibi harusi wangu akashtuka mtaa wa pili, lilikuwa la shangazi. Alikuwa ameamua kuwahi, akwepe jua.

Niliporudi nilikuta ua umejaa watu na hakuna anayesema kwa sauti. Kijiko hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa kwenye mapaja ya shangazi, amemshika gauni. Kiatu kimoja mwanamke yule hakuwa nacho, sijui alikiacha wapi. Mama Katibu alisimama mbele yao na mashati yake yenye matundu mapya, hajayaweka chini. Mama Povu alikuwa kwenye kona, mikono ina sabuni.

Nilingoja Mama Katibu amgeukie. Kila mtu alingoja. Hakugeuka. Alisema tu, "Niliruhusu mimi." Lakini aliisema chini chini, na ua ulikuwa umeshaamua.

Waliingia chumbani, mlango ukabaki wazi kwa joto, nami nina baraza langu. Sikusikia kelele. Ningependa kuwaambia wifi yake alikuwa mkali, ingenipa raha ya kumsema. Hakuwa. Alisema hakuja kumnyang'anya mtu. Alisema anaona jinsi alivyokonda, na kwamba kumpenda mtoto na kumtazama mtoto ni kazi mbili, watu wamezichanganya kwa sababu kwa kawaida zinafanywa na mtu mmoja. Alisema kila likizo watakuja. Alilia kidogo pale alipoitaja ile breki.

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa. Sare ya shule ya huko kwake, rangi ya zambarau iliyoiva. Alisema alifikiri ni heri washonewe na mkono wa mama yao, wakiivaa wamkumbuke.

Nilimwona Mama Katibu kupitia upenyo wa pazia. Alikishika kitambaa kama anavyoshika vyote, kwa vidole viwili, akakifungua, akapitisha kidole gumba kwenye mkunjo. Kitambaa kikilala muda mrefu kabatini mkunjo wake hupauka, ukaota mstari ambao hata pasi haiutoi. Huhitaji kuwa fundi kuuona, mimi mwenyewe niliuona kutoka barazani.

"Wifi," akasema. "Hiki ulikinunua lini?"

Shangazi alitazama sakafu ile iliyofagiwa kwa ajili yake.

"Kabla hawajafunga shule," akasema.

Mama Katibu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizwa kipimo na kukikumbuka. Akachukua tepu shingoni, akamwita Katibu kwanza, akaanza kumpima mabega.

Mimi nilikuwa na kitana mkononi na sikuwa na kichwa cha kusuka. Vitambaa vile vyote, cheupe na njano, na kuamka kote kule alfajiri, vilikuwa vinapepea mbele ya mlango ambao wifi yake alikuwa ameshaufunga moyoni kabla likizo haijaanza.

Alizishona kwa siku chache zilizobaki, sare za watu akiziweka kando kwa mara ya kwanza. Wazazi waligonga dirisha, hakufungua. Injinia alikaa chini ya meza miguuni pake, akigusa mkanda wa cherehani ukizunguka, naye hakumfukuza. Kijani alikitundika asubuhi, mchana, jioni. Akawavusha mwenyewe na kukaa uwanjani nao mpaka giza, mikono mapajani, akitazama. Kama wangekuwa na likizo ya namna ile tangu mwanzo, njaa ingewakuta wote pale pale uwanjani. Hilo nalo alilijua.

Nilizishika zile sare zilipokwisha. Zilinyooka, kola kama za dukani. Lakini nilipogeuza gauni la Katibu kuangalia upindo, niliukuta mpana, mpana mno. Umekunjwa mara tatu kwa ndani. Kaptula za wavulana vile vile, kiunoni kumeachwa kitambaa cha kutosha mtu mwingine. Fundi huacha upindo wa mwaka mmoja, mtoto akirefuka arudi aachiwe. Huu ulikuwa upindo wa miaka mingi. Yaani hata yeye hakuiamini ile habari ya kila likizo. Amewashonea nguo za kurefukia mbali naye. Niliukunja upya, nikamrudishia, nikasema zimependeza.

Waliondoka asubuhi. Katibu alinawisha wenzake, akahakikisha mabegi, akaingia kwenye gari mwisho. Injinia akauliza kitasa hufanyaje kazi. Kijiko alikuwa na mkate mkononi, akatupungia kwa ule mkate. Mama yao alisimama pale pale barabarani anaposimama siku za kijani, akanyoosha mkono kuzuia malori ili gari la wifi yake ligeuze vizuri.

Baada ya hapo ua wetu ulifanya kile ambacho ua hufanya. Walitafuta wa kumla nyama, wakampata Mama Povu. Walisema alifanya kusudi, alikuwa hajasahau ile kamba. Walisema zahanati imemlipa kwa watoto watatu wa mwenzake. Nilieleza nilichosikia jioni ile, nikaeleza na mkunjo wa kitambaa, kwa kila kichwa nilichosuka. Haikusaidia. Uongo ulikuwa umeshalala kitandani, ukweli ukija unaambiwa ulale chini. Na Mama Povu hakujitetea hata kidogo. Angeweza kusema neno moja, "niliruhusiwa," na hakulisema, maana kulisema ni kumtupia yule mwingine. Alianza kuanika usiku watu wamelala, akaanua kabla hakujakucha. Mlango wa pili alikuwa hapiti mbele yake, anazungukia nyuma ya choo. Zahanati ikamwambia shuka zake zina unyevu. Kazi ikawa inaning'inia kwa uzi.

Mama Katibu naye cherehani ilisimama. Sare msimu wake umepita, na waliogonga dirisha siku zile hawakurudi. Alikuwa na nafasi sasa. Ana muda wa kutazama watoto kutwa nzima. Chumba kina sakafu, kitanda kinaonekana. Alikuwa akipiga simu jioni, Katibu anampa taarifa: wamesoma, wamecheza, wamelala, kila kitu kwa saa yake, kuna ratiba nzuri. Baada ya simu kadhaa taarifa zikafupika. Juzi Kijiko aliitwa kwenye simu akasema yuko kazini, anakula.

Jana mchana nilikuwa barazani bila mteja. Mama Povu alitoka na beseni, ametoka mchana kwa sababu mvua ilikuwa imemnyima usiku. Alidhani Mama Katibu hayupo. Akaanza kuanika upande wa choo, shuka moja moja, akizikunja zisionekane upana. Zilikuwa za kijani.

Mlango wa Mama Katibu ukafunguka. Alikuwa na mwiko mkononi, mvuke ukamfuata nje. Alizitazama zile shuka. Mama Povu alisimama na kibanio cha nguo mdomoni, hakwenda mbele wala nyuma. Mimi nilishika ukingo wa kiti.

Mama Katibu akatembea mpaka kwenye kamba. Akaishika shuka ile iliyokunjwa, akaikunjua, akaivuta mpaka mbele ya dirisha lake, kwenye ile nafasi ya upana wa mlango, akainyoosha na pembe zake zote. Kisha akafanya hivyo kwa ya pili.

"Hapa ndipo penye jua," akasema.

Mama Povu akatoa kibanio mdomoni. Alisema, bila kumtazama, kwamba watu watasema.

"Watasema. Sisi tutakuwa tunatafuna." Akajifuta uso kwa mkono wenye mwiko. "Nimepika ya watu wanne tena, dada. Kila siku najisemea leo nitapunguza, mkono haukubali. Sufuria bado haina habari." Akasogea pembeni, akauachia mlango upana wake wote. "Vua ndala, uingie ule."